Mtungi wa Kitambaa Chekundu

Kule Mashimoni, mtaa wa mabanda Nairobi, watu hawakupanga foleni ya maji, mitungi ndiyo iliyopanga. Unaacha wako mbele ya kibanda, unaenda shughuli zako, na mama muuza maji anaujaza zamu yake ikifika. Yote ilikuwa madumu ya plastiki yanayofanana, kwa hiyo kila mtungi ulikuwa na alama. Wangu niliufunga kipande cha leso nyekundu kwenye mkono wake. Yule mama alikuwa Mkamba wa Kitui, mkali, hana muda wa stori. Sidhani aliwahi kuniuliza hata jina.

Jioni matokeo ya kura yalipotangazwa, mtungi wangu ulikuwa bado kwenye foleni. Nilisikia mayowe, nikaona moshi, nikambeba mtoto na kujifungia ndani. Watu wa kabila letu walisemekana wamempigia yule ambaye mtaa ule haukumtaka. Mimi sikuwa nimepiga kura kabisa, kitambulisho kilikuwa kimepotea, lakini nani angenisikiliza? Mume wangu, fundi seremala, alikuwa amekwama kazini mtaa wa Kongo, kule Kawangware, upande mwingine wa jiji. Barabara zilikuwa zimefungwa, na kadi za salio la simu hazikupatikana popote.

Mtoto alikuwa na miezi tisa, na alikuwa anaharisha. Maji yaliisha kesho yake, akabaki na ziwa langu tu.

Asubuhi iliyofuata mlango ulibishwa mara mbili. Nilimziba mtoto mdomo mpaka nikasikia hatua zikiondoka. Nilipochungulia, nje palikuwa na mtungi wangu, umejaa, na kitambaa chake.

Badala ya kushukuru, nilichanganyikiwa. Nani ameuleta? Anataka nini? Nani mwingine anajua tuko ndani? Jirani alikuwa ameninong'oneza kupitia ukuta wa mabati kwamba maji yanatiwa sumu. Sikujua kama jirani mwenyewe ni wa kuaminiwa. Siku hizo sikujua chochote. Niliyamwaga yote pale mlangoni, nikauacha mtungi nje.

Siku ya pili ukabishwa mlango, mtungi umejaa. Nikamwaga tena. Siku ya tatu niliona kitu cheupe kimepakwa chini, kwenye pembe ya mtungi, kinateleza ukikigusa. Basi nikajua nilikuwa sahihi. Niliyamwaga huku nikiwatukana watu nisiowajua, na nilijiona mjanja sana.

Usiku ule mtoto alilia bila machozi.

Mtungi ulipokuja siku ya nne, nilikunywa kikombe kimoja, nikaketi kungoja kufa. Nilingoja mpaka nikaona ujinga. Nikayachemsha, nikatia chumvi na sukari kidogo, nikamnywesha kwa kijiko. Kufika jioni alikojoa, na sijawahi kufurahia nepi iliyolowa kama ile. Mtungi uliendelea kuja mpaka mume wangu alipofika kutuchukua.

Tulihamia Kongo. Mambo yalipotulia nilirudi Mashimoni kuchukua kitanda, mtoto mgongoni, nikapita kwenye kile kibanda. Upande mmoja wa mabati ulikuwa mweusi kwa moto. Yule mama alikuwa palepale na mpira wake wa maji.

"Sasa, mama," nikamsalimia.

"Poa. Si ni wewe wa kitambaa nyekundu?"

"Ni mimi. Hii ilichomwa na nani?"

"Hao vijana wa fujo. Waliniuliza napelekea nani maji. Nikawaambia, mimi najua mtungi, sijui mwenyewe." Akafunga maji, akanikazia macho kwa hasira. "Lakini hiyo mtungi yako ilinisumbua! Mlango yako napita nikikuja kazi, na kila siku napata iko empty na matope imejaa hapo. Nikajua inavuja. Nikaisiriba na sabuni ya kipande hapo chini kwa kona. Iliacha kuvuja?"

Siku tatu mwanangu alikauka koo kando ya maji, na sumu yangu ilikuwa sabuni. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kupiga magoti pale kwenye tope mbele ya wateja wake.

"Iliacha," nikasema.

"Sabuni hushika," akasema, ameridhika na kazi yake, akageukia mtungi uliofuata.

Baadaye redioni waliotajwa kwa kuokoa watu walikuwa wengi, wengine na vyeo vyao. Nilisikiliza kwa makini, wala sijui nilitegemea kusikia nini, maana hata mimi sikuwahi kujua jina lake. Na asante, kusema kweli, sikumpa.