Mpima na Bata Wanaoatamia

Asubuhi, kabla chai haijapoa, mpima wa kampuni ya mafuta huwa ameshawagombeza wote wanaotaka kinamasi kiachwe. "Tusipochimba, magari tutayatia mate?" Sauti yake hutikisa vikombe. Kisha hubeba nyundo na vigingi, akaingia majini hadi magotini, na huko hugeuka mtu mwingine kabisa. Akikuta bata anaatamia pale ramani inapotaka kigingi, hushusha nyundo polepole kama aliyefumaniwa, na mikono yake mikubwa hurudishia kiota manyasi. "Samahani, mama, sikukuona," hunong'ona, akasogea pembeni. Pembeni hukuta kobe anafukia mayai. "Shikamoo, bibi," akasogea tena.

Leo bosi ameamua kuufuata mstari wa vigingi mwenyewe. Umepinda kushoto, umepinda kulia, umetoka kinamasini, umeingia ndani ya hema la ofisi, na kigingi cha mwisho kimechomekwa katikati ya miguu ya kiti chake. "We bwana! Yaani tuchimbe hapa?"

Mpima akakuna kisogo. "Nimezunguka kote, bosi. Kila aliyekaa amekalia mayai, isipokuwa wewe."