Baraza ya Khelef, Mchanga wa Sur

Hamda alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana mjini Sur, Omani. Tangu watoke Unguja yeye, mumewe Khelef na mwana wao mkubwa Azzan walikuwa wakikaa nyumba za kupanga, na mwaka 1979, walipopewa kiwanja nje ya mji, baina ya bahari na jangwa, Hamda alilia kwa furaha. Hapakuwa na mti. Jirani alikuwa mmoja tu, Bibi Mabruka, mwenyeji wa hapo hapo, mfuga mbuzi.

Walikwaruzana juu ya ramani ya nyumba. Khelef alimwendea mchoraji, akarudi na mchoro wa nyumba ya marehemu babake ya Malindi, Unguja, vile vile ilivyokuwa: madirisha mapana, na nje baraza ndefu ya kukalia watu, imeelekea upande wa jangwa.

"Nani atakaa hapo, Baba Azzan?" aliuliza Hamda. "Barabara yenyewe haipo."

"Itakuja. Baba hakupata kula peke yake siku hata moja."

Hamda akaitazama ramani. Baraza ile aliijua; juu yake ndipo alipoposwa. Lakini Bibi Mabruka alikwishamwambia kwa Kiarabu, "Mwanangu, upepo wa kiangazi hautoki baharini. Unatoka kule kwenye mchanga. Upande huo sisi tunaupa mgongo."

Kumwambia mume kuwa nyumba ya babake haifai, ulimi ulimwia mzito. Akaomba jambo moja tu: waipime ile ramani kwa kamba palepale kiwanjani, wakae humo mchana mmoja.

Ijumaa moja ya mwezi wa Juni, baada ya sala, wakatandika mkeka penye baraza ya kamba. Hamda akamimina kahawa. Upepo ukaanza mdogo mdogo, kisha ukavuma kweli kweli. Kahawa ikageuka tope, macho yakawaka, na kufika alasiri kamba za upande ule zilikuwa zimefukiwa. Khelef hakuondoka. Alikaa kakunja miguu, kilemba kimejaa mchanga, mpaka Hamda akamwonea huruma.

"Twende zetu, mume wangu."

"Nilitaka wanangu waione," akasema Khelef. "Mie sina hata picha ya nyumba ile."

Hamda akamshika mkono. Kisha akamchorea kwa kidole mchangani: ukuta mzima usio dirisha upande wa jangwa, vyumba vizunguke ua, na baraza upande wa bahari, ndefu vile vile.

"Na wakipita watu?"

"Watazunguka."

Walihamia mwaka 1981. Nondo za madirisha ziliota kutu kwa chumvi kabla mwaka wa pili haujesha, ikabidi watie za mbao. Hilo hakuna aliyelifikiria. Lakini mgeni wa kwanza alizunguka kweli: Bibi Mabruka, na bakuli la maziwa, akakaa barazani mpaka magharibi akimweleza Khelef habari za mbuzi wake, mmoja mmoja kwa jina.