Klachi Iliyouawa na Polepole

Watu wa Bunia wanaponiona nikipita na gari langu, wengine hucheka, na wana haki. Ni gari la milango miwili, jekundu, la chini, limetengenezwa kwa lami laini ya watu wengine, na mimi nina mvi na tumbo. Nililinunua Kampala nilipoacha kuendesha malori. Mke wangu alipoliona mara ya kwanza alilizunguka lote, kisha akauliza kwa upole, "Na siye wengine tutaikala wapi?" Miaka yote ile nilikuwa nimeburuta mizigo ya watu kwa mwendo wa ng'ombe, na nilitaka kabla sijafa nishike kitu kinachokimbia.

Na nimelikimbiza. Kila katapila linapopita kusawazisha barabara ya Bogoro, mimi huwa wa kwanza kufika asubuhi, kabla malori hayajaichimba upya. Gia ya pili, ya tatu, vumbi nyuma, mawe yakipiga tumbo la gari. Mke wangu anasema nitakufa. Namwambia kufa tutakufa sote. Lakini nisidanganye: asubuhi za namna hiyo kwa mwaka ni za kuhesabu kwa vidole. Kazi kubwa ya gari lile ni harusi.

Na harusi ya kwetu haikimbii. Mbele inatangulia fanfare ya kanisa, bendi ya matarumbeta na ngoma, nyuma yake gari la bibi harusi, na kati yao wanacheza mashangazi na vitenge vyao. Gari linakwenda kwa mguu wa shangazi. Shangazi akisimama kukaza kitenge, nawe unasimama. Akirudi nyuma hatua mbili kwa furaha, unashika breki na kutabasamu. Kwa saa nzima mguu wako wa kushoto uko juu ya klachi, hujakanyaga, hujaachia. Nimebeba mabibi harusi wengi hivyo, watoto wa majirani na wa watu nisiowajua.

Kisha ikafika zamu ya binti yetu wa mwisho. Huyu mtoto alizaliwa mimi nikiwa mpakani nangoja karatasi za mzigo. Alipougua, mama yake alimpeleka hospitali ya Nyankunde kwa pikipiki ya mtu. Alipokwenda kusomea uuguzi kulekule, kaka yangu ndiye aliyembebea sanduku. Kila safari ya maisha yake alipelekwa na mtu mwingine, na mimi nilikuwa dereva. Basi alipochumbiwa nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba kanisani nitampeleka mimi, kwa gari langu, kwa mikono yangu. Akasema, "Sawa, papa," kwa sauti ya mtu ambaye ameshapokea ahadi kama hizo.

Wiki tatu kabla ya siku, klachi ikaanza kuteleza. Nilikuwa napanda kilima cha Mudzipela, injini inalia, gari halisogei, na kijana wa moto-taksi akanipita na abiria watatu akinipungia mkono. Nikalipeleka kwa fundi wangu, mtu wa Butembo, mpole, wa maneno machache. Alishusha sanduku la gia, akaitoa diski ya klachi, akaigeuzageuza juani.

"Muzee, hii gari iko inafanya kazi gani zaidi?" akauliza.

"Mbio," nikasema. "Barabara ya Bogoro."

Akanionyesha diski ilivyong'aa na kuwa nyeusi, na madoa ya bluu kwenye chuma kilichokuwa kinasuguana nayo. "Hii haikukufa juu ya mbio, muzee. Ilipikwa pole pole. Uko unashika mguu nusu-nusu fasi gani?"

Nilijua ni mahali gani. Lakini niliona aibu, na aibu kwangu hutoka mdomoni kama hasira. Mimi, niliyeshusha lori lenye mzigo wa mbao kwenye milima ya Bogoro wakati wa mvua, niambiwe nimechoma klachi kwa kutembea nyuma ya matarumbeta? Nikamwambia atafute mpya na aache kunihoji.

Alinieleza kwamba kuna mbili zinazolifaa gari lile. Moja ilikuwa na uso kama wa ile iliyoungua, ila ngumu zaidi, na sahani yake ya kukandamiza ina nguvu. Nyingine haikuwa na uso kamili; ilikuwa na vipande sita vya shaba tu. "Hii ya shaba iko ya batu ya mashindano," alisema. "Haiungui. Lakini haijue nusu. Inashika ao inaachia. Weye chukua ile ya kwanza. Itaisha siku moja, lakini itakubali kutembea."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa na bado sikutazama. Nilisikia neno moja tu, kwamba ya shaba haiungui. Nilimwona akilini binti yangu na shela lake, gari limezima katikati ya bulevari, ile barabara kuu ya mjini, moshi wa klachi unatoka, watu wameshika midomo. Nilitaka chuma kitakachodumu. Na, niseme ukweli, nilitaka pia fundi aone kwamba mimi ni mtu wa mbio. Nikaagiza ya shaba.

Ilikuja kutoka Kampala na wafanyabiashara, ikafungwa Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Pedali ilikuwa nzito hadi paja likatetemeka. Nikalitoa gari kwenda barabara ya Bogoro peke yangu, na sijawahi kuendesha kitu kama kile. Ukiachia mguu, linaruka. Hakuna kuteleza, hakuna harufu. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa mchana dada yangu mkubwa, ambaye ndiye angeongoza mashangazi kucheza, akataka tufanye mazoezi mbele ya nyumba. Alijifunga kitenge, akasimama mbele ya gari. Binti yangu akakaa kando yangu, nywele zimeshasukwa. Nikaweka gia ya kwanza, nikaanza kuinua mguu taratibu kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikainua kidogo tena. Hakuna. Nikainua unywele mmoja zaidi, na gari likaruka kama limechomwa sindano. Dada yangu alirukia kwenye maua ya jirani kwa wepesi nisioutarajia katika umri wake.

"Unataka kuniua mbele ya harusi ao kisha harusi?" akauliza kutoka mauani.

Nikajaribu tena. Likaruka, likazima. Mara ya tatu likaenda kwa kushtuka-shtuka, na shingo ya mtoto ikawa inakwenda mbele na nyuma. Mwanzoni alicheka. Kisha akashika dashibodi kwa mikono miwili kama abiria wa lori, na hilo likaniuma kuliko kelele zote za dada yangu.

Fundi aliitwa, akaja, akaendesha mita kumi, akashuka. Hakunikumbusha maneno yake. Alisema tu, "Haina ugonjwa, muzee. Iko vile."

Klachi ya zamani ilikuwa imekwisha, na nyingine isingefika kabla ya kesho. Nikashauri twende kwa kasi kidogo, tuwangojee wachezaji kanisani. Dada yangu akanitazama. "Bibi harusi anayekimbia, anakimbia nini?"

Jirani yetu, muuza mabati, ana gari lisilo na klachi, linalojibadilishia gia lenyewe. Kwa miaka mitano nimeliita gari la wasio na mguu wa kushoto. Nikajikaza nikaenda kumwomba. Alikubali mara moja, tena alinikabidhi ufunguo, niendeshe mwenyewe. Nilipita nyumba tatu, yeye ameketi kando yangu. Kwenye ya nne, ng'ombe akavuka, mguu wangu wa kushoto ukatafuta klachi kwa nguvu zake zote na kukanyaga breki. Jirani nusura avunje kioo kwa paji la uso. Tukarudi, nikajaribu tena, mguu ukafanya vilevile. Maisha yangu yote niliufundisha jambo moja, na sasa haukutaka kusikia jingine. Mbele ya gari lile kungekuwa na dada zangu na watoto. Nikamrudishia ufunguo, nikamwomba aendeshe yeye.

Nilimwambia binti yangu jioni ile, uani, akiwa anachambua mchele na wenzake. Nilimwambia kwamba nimechagua vibaya, na kwamba kuna mtu mwingine atakayempeleka. Akasema, "Haizuru, papa," kwa sauti ileile ya siku ya ahadi. Nikaingia ndani nikalia.

Jumamosi walitaka niketi kiti cha mbele, kando ya jirani. Sikuweza kukaa pale na mikono mitupu. Nikasema nitatembea. Baba wa bibi harusi kwenda kwa miguu si desturi yetu, na watu walinong'ona, lakini matarumbeta yalipoanza nilikuwa kando ya mlango wake, suti yangu nyeusi ikigeuka nyekundu kwa vumbi, mkono wangu juu ya dirisha lililofunguliwa. Gari la jirani lilikwenda kama maji. Dada yangu alicheza, akasimama, akarudi nyuma, na lenyewe likamfuata kwa adabu. Nilichoka mapema, miguu yangu haijazoea kazi hiyo.

Karibu na bulevari nikainama dirishani kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakuniacha niyamalize.

"Papa," alisema, "ungeendesha weye, ungekuwa unaangalia njia tu."

Nikamwangalia hadi kanisani, nikijikwaa mashimoni, na sikuondoa macho.