Mvua Niliyoituma kwa Simu

Niliwahi kuamini, tena nikiwa na cheti changu cha masomo ya jioni ukutani, kwamba kipima mvua kikikaa kikavu siku saba, setilaiti humchongea mwenye nacho makao makuu, anafutwa uanachama, na picha yake inabandikwa stendi ya Singida. Habari hiyo nilipewa na fundi baiskeli. Sikumuuliza yeye aliipata wapi.

Chama chetu cha wapima mvua wa kujitolea kilianza na watu sita hapa Issuna. Kikakua, kikafungua matawi Misigiri na Kilimatinde, tukapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Mimi changu nilioga nacho. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kila asubuhi usome maji kwenye kipimo, utume namba kwa simu.

Basi msimu ule mvua ikagoma. Siku ya sita jasho lilinitoka ndoo nzima. Siku ya saba nikaona kiwingu upande wa Manyoni, hakizidi leso, nikatuma: milimita kumi na mbili. Nikanogewa. Kufikia Krismasi, kwa namba zangu, Issuna ilikuwa imeipita Bukoba.

Januari chama kikapata mbegu za mtama wa muda mfupi, za kupanda upya vijiji vilivyokaukiwa. Waligawa kwa kufuata vipimo vyetu. Gari lilipita kwetu bila kusimama. Shangazi yangu, aliyenilea, ambaye mtama wake wote ulikuwa umekauka, alikuwa barabarani na debe tupu.

"Mbona wametupita?"

"Watu wa ofisini, shangazi, si unawajua."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa natamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikaenda mjini kwa katibu wa chama, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, bwana mafuriko! Huko kwenu mnatembea kwa mtumbwi?"

Nikamweleza yote, na setilaiti yangu humo humo. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mbegu zimebaki, mama?"

"Zimeisha jana." Akavua miwani. "Hakuna anayefutwa kwa kutuma sifuri, mwanangu. Sifuri ni kipimo kama vingine. Ungeituma, gari lingesimama kwenu."