Vidonge vya Chafya vya Bi Manubia

Miaka arobaini Bi Manubia wa mji wa Nabeul alichemsha maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, akakeneka mvuke wake kuwa maji ya manukato, na kila msimu wa maua pua ilimtesa. Riziki yake na adui yake ni mti mmoja, afanyeje? Kwa miaka thelathini alimeza kidonge cha chafya, akasinzia kidogo mchana, kazi ikaenda.

Mwaka huu, akiwa na miaka sabini na minane, akili zilimruka. Alimwita mwanawe Lasaad kwa jina la marehemu mumewe. Kisha akafanya jambo ambalo Nabeul nzima hakuna alifanyaye: akamwaga majani ya jerani, mmea wenye harufu yake mbali, juu ya maua ya mdanzi, chungu kimoja, moto mmoja. Maji yaliyotoka hayakufaa hata kunyunyizia zulia.

Lasaad akakifungia stoo chungu cha shaba, ufunguo akautia mfukoni.

"Nimezeeka, sijafa," mama akasema.

"Pumzika, mama. Umeshatufanyia ya kutosha."

Neno hilo lilimuuma kuliko tusi. Chungu kile alikirithi kwa mama yake, na bila kukeneka hakujua yeye ni nani humo nyumbani.

Vidonge vilipokwisha, Lasaad akaenda duka la dawa kwa Bi Raudha.

"Mama hajambo?"

"Hajambo gani? Kichwa kimeondoka tangu maua yafunguke."

Raudha akaishikilia pakiti. "Sikiliza. Ubongo una ukuta wake, unachuja vinavyotoka kwenye damu. Uzeeni ukuta ule hulegea, na mwili nao unachelewa kuitoa dawa. Kidonge ni kilekile, ila huenda sasa kinaingia zaidi. Aache hiki, na umpeleke kwa daktari."

"Amekimeza miaka thelathini, dada."

"Ndiyo. Na wewe miaka thelathini iliyopita ulikuwa na nywele."

Daktari alikubaliana naye, na mama akaelezwa yote, akaacha vidonge. Siku ya tano asubuhi, Lasaad anakunywa kahawa uani, akasikia chafya. Moja, tatu, saba. Kisha sauti:

"Lasaad, maua ya jana yananyauka, na wewe umeukalia ufunguo wangu."

Lasaad, jina lake mwenyewe. Alifungua stoo machozi yakimtoka, akakibeba chungu, akawasha moto. Mama akaketi mbele yake, leso puani.

"Unalia nini?"

"Maua haya, mama."

"Basi kameze kidonge," akasema, akipanga maua. "Ukuta wako bado mzima."