Mikono Inayolisha Mbung'o

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kulisha mbung'o, wale inzi wanaonyonya damu ya ng'ombe na kuwaachia ugonjwa wa nagana. Kila asubuhi maabarani nilipasha moto damu ya kichinjioni, nikaifunika kwa utando wa mpira, nikaweka vizimba vyao juu yake na kuwatazama wakivimba matumbo. Jike huzaa buu mmoja mmoja, mweupe, mnene, anayejinyonganyonga. Nilichefukwa hadi siku ya mwisho.

Nikirudi nyumbani mtaani Satellite nilioga mara mbili, na bado sweta ilinuka damu. Mama mkwe alipotutembelea kutoka Kakamega, aliisukuma kando sahani ya ugali niliyompakulia.

"Mikono inashinda ikishika inzi, halafu nile? Ndiyo maana umekuwa tasa."

Miaka sita nilikuwa nimemeza maneno yake. Siku hiyo yalinipanda kooni.

"Mama, kule kazini tunawapiga madume mionzi mpaka mbegu zao zinaharibika, kisha tunawaachilia porini. Jike akipandwa na dume kama huyo hazai. Na si kosa lake."

"Wacha matusi mezani. Tasa ni mwanamke."

Nilimgeukia mume wangu. Majibu yake ya hospitali tulikuwa tumeyasoma pamoja mwezi uliotangulia, yeye na mimi. Alijiongezea sukuma wiki, akaendelea kutafuna.

Hakuna buu aliyewahi kunichefua hivyo.