Nguzo Mbichi

Mama yangu hakuwa na shamba, na kwetu Nyeri, miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, mwanamke asiye na shamba alikuwa mtu wa kuhurumiwa akiwepo na kusengenywa akishapita. Baba alifia kizuizini wakati wa hali ya hatari. Mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya hakuwepo kusimama kwenye mpaka wake, na kipande chake kikaandikwa jina la mtu mwingine. Wenzetu walipobomoa vibanda vya kile kijiji tulichosukumiwa na Wazungu, kila mmoja akarudi kwake na mlango wake mgongoni. Sisi wawili tulibaki palepale.

Aliyetuonea huruma ni mzee mmoja wa rika la baba. Kijiji kilikuwa kimejengwa juu ya ardhi yake, na baada ya kubomolewa akarudishiwa, lakini alirudishiwa kitu kilichokufa. Udongo ulikuwa umekanyagwa miaka hata ukawa sakafu. Palikuwa na majivu, mikebe yenye kutu, vigae vya vyungu, na juu ya hayo yote sangari, ile nyasi ya kutambaa yenye mizizi mirefu isiyojua kufa. Alimwonyesha mama kipande karibu na kibanda chetu.

"Lima hapa," alisema. "Sitaki kitu chako. Lakini panda vya msimu tu, mama. Kitu chenye shina usiweke."

Mama aliitikia kwa kichwa. Siku hizo hakuna aliyehitaji kuelezwa, lakini nitaeleza kwa ajili ya vijana wa leo wanaojua hati peke yake. Mtu aliyeazimwa ardhi kwetu alipanda maharagwe, viazi, mboga, vitu vinavyoliwa vikaisha. Mti ulikuwa ushahidi. Ukipanda mti katika ardhi ya mwenzako umetangaza kwamba huondoki, na kesho wajukuu wako watakuja kuuonyesha kwa kidole mbele ya wazee.

Hata hivyo mama alikuwa na lake moyoni, na hakunificha. "Nikiiponya hii ardhi," aliniambia tukichambua mboga, "huyu mzee ni mtu wa haki. Ataona. Atanikatia kipande." Alitaka mahali ambapo hakuna mtu angemwambia toka. Hakutaka kingine, na tangu siku hiyo sikumsikia akiomba kanisani kitu tofauti na hicho.

Basi tukaanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, mvivu wa mikono na mwepesi wa mdomo. Siku ya kwanza niliipiga sangari kwa jembe la kawaida kwa hasira, nikaikatakata vipande, nikajiona hodari. Mama alikuja akaninyang'anya jembe. Alinieleza kwamba nimeizalisha, kwa maana kila kipande kitatoa macho na kuwa sangari nyingine. Akaenda kuazima jembe uma, akanifundisha kulichoma chini kabisa, kulitikisa polepole na kuuvuta mzizi mzima bila kuukata. Ulikuwa unatoka mrefu kama kamba ya ng'ombe. Tuliianika juani siku kadhaa kisha tukaichoma. Hatua nne za bustani zilitumaliza wiki nzima, na mgongo wangu ukauma hata nikashindwa kuinama darasani kufunga kiatu.

Samadi tuliiomba. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiwafagilia watu mabanda ya mbuzi, na malipo yake yakawa hicho alichofagia. Tulikibeba kwa viondo, kamba kwenye paji la uso, juu ya kile kilima, na wasichana wenzangu wakaniita jina nisilolitaja. Niliona haya. Nasema wazi, nilimwonea mama haya, nikawa natembea mbali naye ili watu wasijue tunakwenda pamoja. Yeye alijua, akapunguza mwendo ili nipite.

Msimu wa kwanza viazi vilitoka vidogo kama gololi. Wa pili maharagwe yalishika. Ilipofika wa tatu ule udongo ulikuwa mweusi, laini, ukiingiza mkono unazama. Tulikuwa na sukuma wiki, managu, viazi, malenge, na mama alikuwa akiuza kidogo Karatina siku za soko. Watu waliokuwa wakitucheka walikuja kuomba mbegu. Mzee alipita siku moja, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa vidole, akasema, "Huu si ule." Mama hakulala usingizi kwa furaha.

Tatizo likawa mbuzi. Waliingia, wakala safu nzima ya sukuma, na mama akaamua tuweke ua. "Enda msituni ulete nguzo kavu," aliniambia. "Kavu, umesikia?"

Nilisikia. Lakini msitu ulikuwa mbali, askari wa msitu alikuwa mkali, na bondeni kando ya mto ilisimama miti ya muhuti, yenye mbao laini inayokatwa kwa panga mara mbili tu. Nguzo ni nguzo, nilijiambia. Nikakata muhuti mbichi, nikabeba safari tano, na kufikia jioni nilikuwa nimeleta za kutosha. Kila mtu wa kwetu anajua muhuti ni mti wa aina gani. Uutupe hata kando ya njia, mvua ikinyesha unaota. Hata mimi nilijua. Nilijua kama mtoto anavyojua kwamba moto unachoma, na bado akaweka mkono.

Mama alizitazama zile nguzo zikiwa zimelala chini. Akaipapasa moja kwa mkono. Kisha akasema, "Haya, shika hapa," na tukazichimbia pamoja.

Mvua ndefu zikaja. Baada ya wiki chache nguzo zilitoa macho mekundu-kijani, halafu majani mapana, na mimi, mjinga, nikafurahi kwamba ua letu limekuwa zuri. Mama alikuwa akipalilia chini yake kila siku na hakusema neno. Nilidhani hajaona.

Mzee alikuja Jumapili baada ya ibada, na koti lake la kanisani. Mama alimletea kigoda, hakukalia. Alitembea akiufuata ua kutoka mwanzo hadi mwisho, akishika majani ya kila nguzo.

"Ni nani alipanda hii miti?"

"Mimi ndio nilikata," nilianza. "Sikuwa nataka..."

"Ni mimi, Baba," mama akanikatiza. "Huyu ni mtoto, alitumwa."

Mzee aliliachia jani alilokuwa ameshika. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Nilikuambia vya msimu," alisema. "Mimi niko na vijana wanne. Siku nikifa watakuja hapa, na watakuta nini? Watakuta mpaka. Watakuta mama ya huyu msichana ameweka mpaka na mimi niko hai, na mimi nimenyamaza. Wataniambia nini kaburini?"

"Tutaing'oa leo," mama alisema.

"Hata ukiing'oa, mimi nimeiona."

Nilizing'oa peke yangu mchana ule ule, nikilia na kutukana, mikono ikivuja damu. Zilikuwa zimeshashika mizizi. Nilizibeba hadi kwake na kuzimwaga mlangoni ili aone. Alitoka, akaziangalia, akaniambia niende nikanywe chai kwa mke wake. Sikunywa. Jioni alimtuma mtu kumwambia mama kwamba tuvune viazi vikikomaa, halafu tumwachie shamba lake.

Viazi vilichukua miezi miwili, na mama aliipalilia ile bustani hadi siku ya mwisho. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilimwambia anafanya kazi ya punda kwa ajili ya watu wengine, awaachie sangari yao irudi iwakabe. Alivuta kila mzizi mzima, akautikisa udongo ubaki. Asubuhi tuliyohama alifagia hata njia.

Tukahamia chumba kimoja Karatina, yeye akauza mboga zilizolimwa na watu wengine. Akinunua karoti za mtu alikuwa akizinusa udongo kabla ya kuziosha, na mimi nilikuwa natoka nje. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Angenichapa, angenipigia kelele, ningejua pa kujiweka. Nilimaliza shule, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi katika ofisi moja mjini Nyeri. Sikuvaa vizuri, sikuolewa, sikwenda harusi za watu. Wenzangu waliniita mchoyo. Nilikuwa na deni moja tu kichwani, na lilikuwa la udongo. Mwaka wa nane tangu tuhame nikanunua kipande huko Kieni, mbele ya Chaka, kikavu, chenye mawe na magugu ya kishona nguo hadi magotini, na upepo unaopiga kutwa kutoka mlimani.

Nilimpeleka mama kukiona. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa kifua, akitembea hatua kumi anasimama. Aliketi juu ya jiwe, akang'oa gugu lililokuwa karibu naye, akaangalia mzizi. "Itachukua misimu minne," alisema. Halafu akauliza ua nitaweka wa nini.

"Waya," nilimjibu. "Waya na nguzo kavu. Mimi sitakata tena mti mbichi maisha yangu yote."

Aliligeuza lile gugu mkononi. "Nilijua ni mbichi," alisema.

Sikuelewa.

"Siku ile ulizileta. Niliishika moja, maji yake yakanilowesha kidole. Nilijua ni muhuti, nilijua itaota. Nilitaka iote." Hakuniangalia. "Nilichoka kungoja anikatie. Nikasema wacha Mungu aamue, na kama mzee atauliza, ni mtoto alikosea."

"Lakini ulisema ni wewe."

"Ulipojitaja mwenyewe mbele yake nilishindwa. Lakini nilikuwa nimeshalipanga hivyo, mwanangu. Nilikuwa nimekuweka mbele kama ngao."

Miaka minane. Nilisimama pale, na nitasema ukweli, kwa dakika ile nilimchukia. Nilikuwa nimeuza ujana wangu kulipia kosa ambalo alilifanya macho yakiwa wazi, na yeye alikuwa akiniona nikilipa kila siku, akininyamazia. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alisema aliona haya. Alikuwa mtu wa kanisa, na alitamani ardhi ya mtu aliyemtendea wema, akamtumia mtoto wake. "Ungenionaje?" aliuliza. Nilikwenda mwisho wa shamba nikakaa huko hadi alipoanza kukohoa, ndipo nikarudi nikamfunika shali yangu.

Niliendelea na hasira yangu wiki mbili nzima. Nilimpikia, nilimwosha, nilimpa dawa, na maneno nikayabana. Nilijiambia nitamsamehe Jumapili. Alifariki Ijumaa.

Aliyeniuzia lile shamba nilimfuata siku hiyo hiyo, nikamwomba nimzike pale. Alikuwa mtu mpole, alivua kofia kunipa pole. Lakini bodi ya ardhi ilikuwa haijatoa kibali cha mauzo, na kwenye karatasi shamba lilikuwa bado lake. "Kaburi haling'oki, dada," aliniambia. "Bodi ikikataa, mimi nitafanya nini na mama yako?" Nilipiga magoti mbele yake. Mke wake alinishika mkono akaniinua, lakini jibu halikubadilika.

Tulimzika kwenye makaburi ya mji, wanakozikwa wasio na kwao, kaburi moja jembamba baina ya watu nisiowajua. Kibali kilitoka mwezi uliofuata.